Siku Ambayo Bi Ngoja Hakungoja

Kati ya darasa langu na la Bi Ngoja kuna ukuta wa mbao nyembamba, na mbao zenyewe zilipigiliwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Nikikohoa upande wangu, wanafunzi wa upande wake wananipa pole. Kwa hiyo nikisema namjua yule mama, msidhani natia chumvi. Nimeishi naye kwa masikio tangu kituo chetu kilipohamia kwenye jengo hili lililokuwa ghala, na mengi ninayoyajua kumhusu sikuyauliza.

Sote wawili tunafundisha Kiswahili kwa watu wazima waliotoka mbali: waliofuata kazi, waliofuata wake au waume, waliofuata watoto wao. Mimi nafundisha kwa njia ya kawaida. Naingia, naandika kanuni ubaoni, naisoma kwa sauti, natoa mifano, wanaandika, kila mtu anarudi kwake na amani yake. Wanafunzi wa upande wa pili walinibatiza jina la Mwalimu Kanuni. Sikukasirika sana. Nilikasirika kidogo.

Yeye jina la Bi Ngoja alilipata kihalali. Kanuni hakuwa akiitoa hata umpigie magoti. Alikuwa akiingia na kikapu, anapanga vitu mezani: kikombe kimoja, halafu vikombe viwili, kisu kimoja, halafu visu. Anaandika ubaoni: kikombe kimevunjika, vikombe vimevunjika, kisu kimepotea, visu vimepotea. Kisha anakaa kando na kuuliza, "Mnaona nini?" Baada ya hapo unafuata ukimya. Ukimya ule nilikuwa siupendi hata kidogo, maana ulipenya mbao na kuja kukaa darasani kwangu kama mgeni asiyeaga. Mwanafunzi akichoka na kuomba aambiwe tu kanuni yenyewe, jibu lilikuwa lile lile: "Ngoja. Tazama tena."

Na alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona kwa mwalimu mwingine. Aliyegundua alitakiwa kuweka kalamu yake mezani na kufunga mdomo. Kumnong'oneza jirani ilikuwa marufuku. Kumkatia mwenzako raha ya kugundua, alisema, ni sawa na kumtafunia chakula. Kalamu zikilala moja baada ya nyingine, yeye anasubiri. Haendelei mpaka kalamu ya mwisho ilale. Hapo ndipo anamwita yule wa mwisho, si wa kwanza, aseme alichokiona kwa maneno yake mwenyewe.

Mimi jambo hilo hilo ningelisema kwa sentensi moja na muda ungebaki. Lakini lazima niseme kweli ingawa ulimi unakuwa mchungu: wa kwake walichokigundua hawakukisahau, na wa kwangu walisahau kabla hawajafika getini.

Aliwahi kunieleza chanzo cha tabia hiyo, tukiwa jikoni kwa mama wa chai. Utotoni alikuwa na kigugumizi. Watu wa kwao walikuwa wema, lakini hawakuwa na subira, kwa hiyo kila mtu alimmalizia neno: mama, dada, hata muuza duka. Akitumwa chumvi, anaanza "chu, chu," muuza duka keshampa chungwa. Anarudi nyumbani na chungwa, anagombezwa. Tulicheka sana siku ile. Halafu akasema bibi yake mzaa mama peke yake ndiye aliyekuwa akikaa naye jikoni, mikono ikichambua mchele, akisubiri neno mpaka litoke lote, hata likichelewa kuliko mchele. "Ndiyo maana siwezi kummalizia mtu," akaniambia. Kigugumizi chenyewe kilimwacha alipokuwa mtu mzima, isipokuwa akibanwa na jambo zito.

Sasa, darasani kwake alikuwepo mwokaji mikate. Alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, amekuja kuishi na binti yake baada ya kufiwa na mke. Wajukuu zake walikuwa hawajui lugha yake hata neno, naye hakuwa akijua yao, kwa hiyo nyumbani walikuwa wakitazamana na kuchekeana tu. Alipata kazi kwenye tanuri la mikate nyuma ya soko, akawa anakanda unga alfajiri na kuja darasani asubuhi, unga ukiwa bado umo ndani ya masikio. Wenzake walimwita Babu. Kalamu yake ndiyo iliyokuwa ya mwisho siku zote. Kuna siku ilikataa kabisa kulala, na Bi Ngoja akawaambia wengine watawanyike, wataendelea kesho pale pale. Waliguna, lakini walimpenda, wakatawanyika.

Sentensi yake ya kwanza nzima ya Kiswahili ilikuwa swali, na akalishika hilo kama mtu anavyoshika kofia yake. Kila siku akifika mlangoni wakati wa kutoka, anageuka. "Kesho kuna darasa, mwalimu?" Naye Bi Ngoja anajibu, "Lipo, mzee wangu." Kulijua jibu tangu mwanzo hakukumzuia kuuliza, wala Bi Ngoja kujibu kwa heshima ile ile.

Mambo yaliharibika pale ofisi kuu ilipoamua kwamba vituo vyote vifundishe kwa njia moja. Mkuu wetu wa kituo, mtu wa koti na manukato ambaye harufu yake hufika kabla yake, alituita wawili ofisini. Wageni watakuja kutazama somo moja la Bi Ngoja, alisema. Wakiridhika, njia yake itaendelea na huenda ikasambazwa. Wasiporidhika, wanafunzi wake watahamia kwangu, na yeye atapelekwa mapokezi, kuandikisha majina na kuwaonyesha watu choo kilipo. Somo lazima lionyeshe matunda mle mle ndani ya saa. "Wageni hawana muda wa kungoja," akamalizia, akacheka peke yake kwa mzaha wake.

Bi Ngoja hakucheka. Nilimwona akitoka na kikapu chake mkononi, akatembea hadi mwisho wa ukumbi, akarudi, akaenda tena, kama mtu aliyesahau alikokuwa akielekea. Nilijua anachowaza maana na mimi nilikiwaza: kalamu ya mwokaji.

Siku moja kabla ya wageni, nilikuwa nafuta ubao wangu wakati wa kutoka. Nikasikia hatua za Babu zikifika mlangoni kule na kusimama. Akauliza swali lake. Safari hii jibu lilichelewa.

"Kesho hakuna, mzee wangu," Bi Ngoja akasema. "Pumzika."

"Hakuna," akarudia yule mzee, kama anayeonja neno jipya. "Asante, mwalimu." Akaondoka.

Wengine hawakuondoka. Mlango ulifungwa. Nikasikia sauti ya mwalimu wao, chini sana, na mtu mzima mimi nikabandika sikio ukutani. Bi Ngoja alikuwa anatoa kanuni. Aliisema yote, tangu mwanzo hadi mwisho, waziwazi, kama mimi. Halafu akaanza kuwapanga: fulani ataweka kalamu kwanza, akifuatiwa na fulani, huyu akunje uso kidogo asionekane amejua mapema, yule aseme "Aa!" lakini si kwa nguvu. Walifanya mara ya kwanza, wakacheka. Walifanya mara ya pili, hawakucheka. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa muuguzi, dada mwenye sauti ya kujiamini, aliuliza, "Na Babu je?" Bi Ngoja akamjibu kwamba Babu amechoka, kazi yake ni ngumu, mwacheni apumzike.

Mnaweza kudhani nilifurahi. Miaka yote nimechekwa kwa ajili ya kanuni zangu, na sasa yeye mwenyewe kazitoa nyuma ya mlango uliofungwa. Lakini nilitoka ukutani haraka, uso ukiwaka, kana kwamba nimefungua mlango bila kubisha na kumkuta dada yangu mkubwa hajavaa. Usiku ule sikumsimulia hata mke wangu.

Kesho yake sisi walimu wengine tuliambiwa tukae nyuma ya darasa lake ili tujifunze. Viti havikutosha. Mgeni mkubwa, mama mmoja wa miwani mwenye uso mpole, alipewa kiti cha karibu na dirisha. Kilikuwa kiti cha mwokaji. Bi Ngoja mwenyewe ndiye aliyekivuta na kukipangusa.

Aliandika ubaoni kwa mwandiko wake mzuri: mti umeanguka, miti imeanguka, mlango umefungwa, milango imefungwa. Akakaa kando. "Mnaona nini?" Ukimya ukaja, lakini haukuwa ule ninaoufahamu, huu ulikuwa ukimya wa watu wanaohesabu moyoni. Kalamu ya muuguzi ikalala. Ikalala ya pili, ya tatu, kwa nafasi zinazolingana kabisa. Mmoja akakunja uso kama alivyofundishwa. Wageni wakatazamana na kutikisa vichwa kwa kuridhika, na mkuu wa kituo akaegemea nyuma na kupandisha mguu juu ya mguu. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Ndipo mlango ukabishwa, polepole, ukafunguka.

Alikuwa mwokaji. Amevaa shati safi lililopigwa pasi, nywele zimelowa maji, na kifuani amekumbatia mikate iliyofungwa kwenye karatasi. Alitazama ubao. Alitazama wenzake wote waliokuwa wamekaa, kalamu zao mezani. Alitazama kiti chake na yule mama wa miwani aliyekikalia. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayesoma sentensi ngumu na kurudi mwanzo ili aisome tena.

"Aa, mikate ya chai imefika," mkuu wa kituo akasema kwa uchangamfu. "Mzee, zunguka nyuma, kule jikoni."

Mwokaji hakutembea. Alimtazama Bi Ngoja, akasubiri. Mwalimu wake alikuwa amemfundisha kusubiri, na alisubiri vizuri. Wanafunzi wote wakageuza nyuso kumtazama mwalimu, na muuguzi akafungua mdomo halafu akaufumba, maana halikuwa lake kulisema. Lilihitajika neno moja tu. Huyu ni mwanafunzi wangu. Hata "karibu" ingetosha.

"Tuendelee," Bi Ngoja akasema.

Neno lilitoka laini kabisa, bila kukwama popote. Nilitamani sakafu ipasuke, na si mimi niliyelisema.

"Samahani," mwokaji akasema. Akafunga mlango taratibu ili usipige kelele. Tukasikia hatua zake zikizunguka kuelekea jikoni, kama alivyoelekezwa.

Somo liliisha kwa makofi. Tulipokwenda kunywa chai, mama wa chai alikuwa na malalamiko yake. Yule mzee, alisema, ni mtu wa ajabu. Amefika, badala ya kukabidhi mikate na kwenda zake, ameipanga mezani: mmoja huku, miwili kule. Tena ule mmoja ulikuwa umeungua, mweusi tii. "Akauonyesha ule mweusi, akaniambia, 'Mkate umeungua.' Akaonyesha ile miwili, 'Mikate imeiva. Nimesikia kazini. Nimeona peke yangu. Mwambie mwalimu.' Mimi nikadhani anaomba radhi kwa kuleta mkate ulioungua. Nikamwambia haidhuru, baba, mizima ipo."

Wageni walicheka, wakakata ile miwili na kuisifu kwamba ni laini. Bi Ngoja alikuwa amesimama na kikombe mkononi. Mwokaji hakuwa amekuja kwa sababu ya darasa. Alijua darasa hakuna. Alikuwa ameligundua mwenyewe, alfajiri, mbele ya tanuri, kwa kuwasikiliza wenzake wa kazini wakilalamikia mikate, lile lile ambalo wenzake wa darasani walimezeshwa nyuma ya mlango. Akakoga, akavaa shati, akaja na vitu vya kupanga mezani kama alivyofundishwa, akitumaini kumkuta mwalimu wake hata kwa bahati. Kalamu yake kwa mara ya kwanza ingekuwa ya kwanza kulala. Nilimwona Bi Ngoja akielewa hayo yote pale pale, moja baada ya jingine, mpaka shingo yake ikabadilika rangi. Aliweka kikombe chini bila kunywa. Watu walipotawanyika, alichukua ule mkate ulioungua, akaufunga katika kitambaa chake cha kichwani, na akaenda nyumbani kichwa wazi.

Baadaye nilisikia kwamba aliuweka kwenye rafu ya jikoni na kukataza mtu kuutupa. Mumewe, fundi cherehani, mtu asiye na maneno mengi, aliuliza mara moja tu kama mkate ule ni wa dawa. Alipoona machozi hakuuliza tena.

Ofisi kuu iliridhika. Njia ya Bi Ngoja ikasifiwa hadharani, na ikaamuliwa kwamba sisi wengine tufundishwe naye jinsi ya kufundisha. Mimi, Mwalimu Kanuni, nikawekwa wa kwanza. Mkuu alimpongeza mbele yetu sote, na Bi Ngoja akashukuru huku akitazama chini. Wenzangu wakasema tazama jinsi alivyo mnyenyekevu. Alikuwa amepata alichokitaka, na alikuwa amekivaa kama nguo ya kuazima.

Mwokaji hakuonekana kwa muda. Halafu asubuhi moja nikainua macho kwenye daftari la mahudhurio, naye amekaa nyuma darasani kwangu. Alikuwa amejiandikisha upya. Sikumwuliza kitu. Alikuwa mwanafunzi mwema. Alinakili kanuni zangu zote kwa usafi, na wakati wa kutoka alisema kwaheri. Mimi hakuniuliza kama kesho kuna darasa. Kwa nini aniulize?

Wakikutana ukumbini, yeye ndiye aliyekuwa akitangulia kusalimu. "Habari za asubuhi, mwalimu." Bi Ngoja alikuwa akijibu bila kuinua uso. Baadaye akaanza kuwahi mno kazini, kabla taa za ukumbi hazijawashwa, ili asikutane naye. Mwanamke wa umri wake, aliyezoea kuingia kwa kicheko, sasa akawa anapita pembeni ya ukuta.

Darasani kwake nako kuliharibika, na hili nililisikia mimi peke yangu kwa sababu ya ukuta. Alikuwa akiandika mifano na kuuliza wanaona nini, na kabla hajakaa vizuri kalamu zilikuwa zimeshalala zote. Akimwita mmoja aseme alichoona, anababaika. Hawakuwa wakifanya utundu. Walikuwa wamejifunza kutoka kwake kwamba kalamu inaweza kulala bila mwenyewe kuona chochote, na kwamba mwalimu anapenda iwe hivyo. Hakuweza kuwagombeza. Angeanzia wapi?

Nilijaribu kumwambia siku moja amwendee tu mzee amwombe radhi, yaishe. Aliniambia amekwisha kwenda mara nyingi mpaka kwenye kona ya tanuri. Kila mara anamwona kupitia dirisha na aproni yake, na miguu inagoma. "Nitamwambia nini, mdogo wangu? Kwamba nilimwonea haya? Mimi?" Akapiga kifua chake kwa vidole. Na mimi sikuwa na kanuni ya hilo.

Basi ikafika siku ninayotaka kuisimulia. Niliandika ubaoni mifano yangu: mto umejaa, mito imejaa, mfuko umepasuka, mifuko imepasuka. Nikageuka na chaki mkononi ili nitoe kanuni. Nyuma kabisa, mwokaji alikuwa ameinua kalamu yake juu.

"Mwalimu," akasema, "tafadhali usiseme kwanza. Hawa," akawaonyesha wenzake wapya, "hawajaona bado."

Hakuwa na jeuri. Alikuwa anawaombea wenzake kitu kizuri. Nilibaki nimeduwaa, na katika kuduwaa kwangu nikasikia kwamba upande wa pili sauti ya Bi Ngoja imekatika katikati ya neno.

Kisha kiti kikasukumwa kule, mlango ukafunguka, hatua zikaja ukumbini, na Bi Ngoja akasimama kwenye mlango wangu. Chaki bado ilikuwa mkononi. Wanafunzi wake walikuwa wamemfuata na kujazana nyuma yake, muuguzi mbele. Hakuniomba ruhusa. Alimtazama mwokaji moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Mwokaji alimtazama pia. Halafu akashusha mkono, akaweka kalamu yake mezani.

Kila mtu aliyepita mikononi mwa yule mama alijua maana yake. Alikuwa ameshaona. Hakukuwa na kitu cha kumweleza. Bi Ngoja aliitazama kalamu ile, na kama angegeuka na kurudi kwake, nadhani hakuna ambaye angemlaumu.

"Hata hivyo nitasema," akamwambia. "Hi, hi." Neno likakwama. Tulimwona akipambana nalo, mshipa wa shingo ukisimama, macho yakijaa maji. "Hi, hi, hi."

Nilishindwa kuvumilia. Nilikwishajua neno lenyewe, nikafungua mdomo nimsaidie. Mwokaji akaninyooshea kiganja, bila hata kunitazama. Nikafumba.

Tukasubiri. Sijawahi kusubiri vile maishani mwangu. Mwokaji alikaa amekunja mikono, ametulia, kama hana mahali pengine pa kwenda wala mikate ya kuoka.

"Hili si la kugundua," Bi Ngoja akasema hatimaye. "Hili unatakiwa uambiwe, tena na mimi. Siku ile darasa lilikuwepo. Nilikudanganya kwa sababu nilikuonea haya. Niliogopa utanichelewesha mbele ya wakubwa. Halafu wakakuita mleta mikate, nami nikanyamaza. Hawa niliwafundisha kuigiza." Akawaonyesha waliojazana nyuma yake. "Sasa ninajionea haya mwenyewe, mzee wangu. Sijui pa kuuweka uso huu."

Nyuma yake muuguzi alikuwa analia waziwazi. Mwokaji alifikiri kwa muda mrefu, midomo ikitembea; alikuwa anatafuta maneno, na kila mtu alimwachia ayatafute.

"Mkate," akasema, "uliuona?"

"Niliuona. Upo nyumbani kwangu."

"Na mikate?"

"Na mikate niliiona." Alijifuta uso kwa mkono wenye chaki, ikabaki alama nyeupe shavuni. "Ulikuwa umeona sawasawa. Uliona kabla ya wote. Nilipaswa kukuambia siku ile ile."

Mwokaji akaitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. Niliona kwamba hilo ndilo alilokuwa akilingoja muda wote ule, na kwamba la wageni na la jikoni yalimuuma, lakini hili lilimuuma zaidi. Hakusema amesamehe. Sina hakika kama neno hilo alikuwa ameshalijua.

"Leo," akasema, akionyesha ubao wangu, "namaliza hapa. Hawa hawajaona." Halafu akamgeukia Bi Ngoja. "Kesho kuna darasa, mwalimu?"

Bi Ngoja alifungua mdomo. Kigugumizi kilirudi, na tukamsubiri tena, hata mimi.

"Lipo," akasema. Akainamisha kichwa na kuondoka hivyo hivyo, wanafunzi wakimpisha njia, na hakuuinua uso wake ukumbini kote.

Niliweka chaki chini. Nikavuta kiti, nikakaa kando ya ubao wangu, nikawauliza wanafunzi wangu wanaona nini. Ukimya ukaja. Kupitia mbao nikamsikia Bi Ngoja akiwaambia wa kwake wachukue kalamu zao zote, wanaanza upya somo la siku ya wageni, na safari hii asiyeona asiweke kalamu chini. Kisha nikasikia kiti kikiburutwa sakafuni, kutoka pembeni alikokuwa amekisukuma siku zote hizo, kikirudishwa karibu na dirisha.